Usisali Peke Yako kwa Ajili Yangu

Osmundi mwanangu,

Begi lako nimeliona limeegemezwa ukutani. Baba yako ameshalifungua na kulifunga tena kwa kisingizio cha kukagua zipu. Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na marafiki wa kuwaepuka atakueleza yeye kesho njiani mpaka Masasi. Ameyaandaa wiki nzima, na ukimkatiza utamuumiza. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni lile ulilolisema mchana wa leo tukiwa mezani.

Baba yako alikuuliza, "Huko Mpanda umeshaulizia kanisa liko wapi?"

Ukamjibu huku unanitazama mimi. "Sina haja, Baba. Nitasali mwenyewe chumbani, kama mimi na Mama."

Ulisema kwa kujivuna kidogo, kama mtu anayempa mama yake zawadi ya kuagana, ukangoja nitabasamu. Mimi nikainuka kwenda jikoni kuchukua chumvi, na chumvi ilikuwa mezani tayari. Barua hii ni jibu langu kwa zawadi yako. Siitaki.

Kesho ni Jumapili, na safari yenu ya Masasi ni mchana. Unaijua desturi ya kanisa letu kwa kijana anayekwenda kuanza kazi mbali, kama wewe na hiyo kazi yako ya hospitali. Matangazo yakiisha anaitwa mbele, wazazi wake wanasimama nyuma yake, kila mmoja mkono begani kwake, na watu wote wananyoosha mikono kumwelekea na kumwombea. Jambo hilo halimo katika kitabu cha sala. Wazee wetu walilianzisha wenyewe enzi ambazo wanaume wa huku juu walikuwa wakiteremka kwenda kwenye mashamba ya mkonge, na hakuna aliyekuwa na hakika ya kumwona tena anayeondoka. Mimi nimeandika makala nyingi za kukosoa desturi za kanisa, na hii sijawahi kuigusa.

Wewe umeshatangaza kwamba kama mimi siendi, nawe huendi. Baba yako amenyamaza, kama alivyonyamaza miaka yote hii. Kila Jumapili anavaa koti lake la kahawia, anatuaga sisi wawili tuliokaa mezani na vitabu vyetu, anatoka. Sikuwahi kumwuliza anajisikiaje kutembea peke yake barabarani wakati wenzake wanatembea na wake zao. Ninaandika juu ya haki za watu nisiowajua, na swali hilo la mtu ninayelala naye chumba kimoja sikuliuliza.

Hukuwepo Alhamisi alipokuja Mama Agnesi. Ulikuwa umekwenda Newala kununua viatu. Nilikuwa uani nachambua mbaazi, nikamwona anaingia na fimbo yake, taratibu, bila hodi.

"Shikamoo, Mama Agnesi," nikamwamkia, kwa sababu amenizidi umri na mimi nililelewa.

"Marahaba. Naona hujasahau."

"Shikamoo sijaisahau. Na mengine nayakumbuka."

"Ndiyo, tunakusoma." Akavuta kigoda akaketi. "Mjukuu wangu ananisomea kwenye simu. Safari ile uliniita mlinzi wa lango aliyepoteza ufunguo. Nilicheka mpaka nikakohoa. Sikujua kama umenitukana au umenisifu."

"Nilikutukana."

"Haya. Safari hii sijaja kwa ajili yako. Nimekuja kwa ajili ya mtoto. Siku ya ubatizo wake wewe ulikuwa na homa umelala, na mimi ndiye niliyemshika mikononi. Akanikojolea gauni la Umoja wa Akina Mama. Nina haki naye." Akachukua mbaazi mbili tatu akaanza kuzimenya. "Padre anasema mje wote wawili, wewe na Baba Osmundi. Wewe utasema neno moja tu mbele ya watu, basi, yameisha, unasimama nyuma ya mwanao."

"Neno gani?"

"Kwamba umerudi. Kwamba ulikosa kujitenga na wenzako, na sasa umerudi."

"Na ninyi mtasema neno gani juu ya Hilda?"

Akaacha kumenya. "Hilda amelala, Mama Osmundi. Mwache alale."

"Mlimlaza ninyi."

Alikunywa chai niliyompa, akainuka, na alipofika kwenye mlango wa ua akageuka. "Chai yako ina tangawizi nyingi mno. Kama maandishi yako." Akaenda zake. Nilimaliza mbaazi zote na sikumbuki kuzimaliza.

Habari za mama yako mdogo Hilda umezisikia kwangu mara nyingi, lakini kila mara nilizitoa kama hotuba. Leo nakueleza tu ilivyokuwa.

Hilda alikuwa mdogo wangu wa mwisho. Aliishi na Bakari, mzaliwa wa Chilangala mwenye shamba la mikorosho hapa Mkunya, Muislamu. Hakuna aliyebadili dini, na ndoa ya kanisani hawakufunga. Kwa kanuni ya kanisa letu Hilda alizuiwa meza ya Bwana miaka yote hiyo. Alipougua figo na kufariki, wazee wa kanisa walikaa, wakaamua kwamba mwili usiingie kanisani, kengele isigongwe, na katekista amsomee sala fupi kaburini. Mama Agnesi ndiye aliyetumwa kuutangaza uamuzi msibani, naye aliutangaza kama mtu anayeukubali.

Kutoka nyumbani kwenda makaburini ni lazima upite mbele ya kanisa. Matofali yake sehemu kubwa yalifyatuliwa na babu yangu na wenzake. Siku ile mlango ulikuwa umefungwa. Wewe ulikuwa umeshika khanga yangu. Wabebaji walipofika pale walipunguza mwendo, wakaanza kupinda kushoto, si kwa ubishi, bali kwa mazoea tu, kwa sababu kila jeneza walilowahi kulibeba liligeuka hapo. Kisha mmoja wao akakumbuka, akasema kitu kwa sauti ya chini, wakanyoosha njia. Ile hatua waliyokuwa wameanza kuipiga ndiyo iliyonikata maini. Pale kaburini nilisema yote niliyokuwa nayo, na wiki iliyofuata niliyaandika gazetini yakasomwa mpaka Dar es Salaam.

Sikukosea. Nataka unielewe hapo, usije ukadhani mama yako amezeeka akaanza kuomba radhi kwa watu waliomfungia mlango maiti. Walikosa. Mpaka leo wamekosa, na mpaka leo hakuna aliyefungua mdomo kulisema.

Taabu yangu iko papo hapo. Mtu aliyekosa anaweza kutubu akatoka. Mimi njia hiyo sina. Nimefungiwa ndani ya jambo ambalo nilikuwa na haki nalo, na kila ninapotafuta pa kutokea naona nitamkanyaga Hilda.

Sasa nikueleze nilichokifanya baada ya hapo, maana wewe ulikuwemo na hukuulizwa.

Jumapili iliyofuata nilitandika kitambaa cheupe kwenye meza yetu ya kulia chakula. Sisi ni uzao wa walimu wa misheni. Babu yangu alikuwa akisali sala zote za asubuhi bila kufungua kitabu, na mimi nilijifunza kwake nikiwa mtoto wa kumbebea taa. Nikajiambia: nina maneno yote, ya padre ninayo na ya watu ninayo. Nahitaji nini tena kwao? Mtu aliyeingia dini juzi hawezi kulifanya kosa hili, maana hana maneno. Atalazimika kwenda kuyasikia kwa wenzake. Ni kosa letu sisi tuliokulia kwenye vitabu vya sala, tunaodhani kwamba kuyajua yote kwa moyo ni sawa na kuwa na kanisa.

Nikasema, "Bwana awe nanyi." Pakawa kimya. Wewe ulikuwa darasa la tano, unachora ng'ombe kwa penseli pembeni mwa kitabu cha nyimbo. Nikarudia. Ukainua kichwa, ukaitikia, "Awe nawe pia," ukarudi kwa ng'ombe wako. Tangu siku hiyo ukawa waumini wangu wote.

Nilifurahi miezi ile, sikufichi. Masomo nilichagua mwenyewe, na nilichagua manabii wanapowakaripia makuhani. Yale yanayonikaripia mimi tuliyaruka. Nyimbo nisizozipenda tuliziacha. Nilihubiri kadiri nilivyotaka, na hakuna mzee aliyenikoholea kunikumbusha kwamba jua linapanda. Niliiga mwendo wa Mama Agnesi na fimbo yake, ukacheka mpaka ukaanguka kwenye kiti. Nikaona hiyo ndiyo ibada hai.

Kisha mambo yakaanza kupungua, moja baada ya jingine, na sikuona. Sala ya kuungama ilikuwa ya kwanza. Kanisani watu wanaungama kwa pamoja, mnong'ono mmoja mkubwa, na wewe unajificha humo na dhambi yako kama mtoto kwenye khanga za shangazi zake. Mezani petu tulikuwa wawili. Ukisema "nimekosa", mimi naangalia umekosa nini. Nikisema mimi, wewe unaangalia. Ikawa kila maungamo ni kama shauri la mahakamani. Tukaacha.

Halafu kupeana amani. Unaikumbuka ile Jumapili tuliyokuwa tumegombana kwa sababu ya matokeo yako ya kidato cha pili? Tulifika mahali pa kupeana mikono. Nikakunyooshea wangu. Ukautazama, ukaweka wako mfukoni. Na chumbani hapakuwa na mkono mwingine. Kanisani ungegeuka ukampa jirani, na mwingine, na mwingine, ukaondoka na amani ya watu wengine kwanza, na Jumapili moja mbele ukaufikia wangu. Mimi nilikuwa nimekujengea kanisa ambalo mama yako akikuudhi, hakuna mtu mwingine ndani wa kukupa amani. Nilikasirika siku ile. Nilisema huna adabu. Wewe ulikuwa mkweli kuliko ibada yenyewe.

Na nilipougua malaria Jumapili ile ya mvua, ibada haikuwepo. Hakuna aliyekuja kuuliza mbona hamkuonekana. Nani angekuja? Wote tulikuwa tumelala nyumba moja.

Huko uendako utakutana na watu watakaokuambia kwamba kwenda kanisani ni mazoea ya wazee, kwamba Mungu yuko moyoni. Hoja hiyo naijua, nimeiandika mwenyewe, na vijana waliishangilia. Nimeutazama moyo wangu miaka hii yote, Osmundi. Nimemkuta humo mtu anayefanana sana na mimi. Ana maoni yangu, ana maadui wangu, anachukia nyimbo ninazozichukia. Sidhani kama ni Mungu. Mwingine atakuonyesha nabii wake kwenye simu, anasali naye amelala kitandani, na nabii akimchosha anamzima. Mchungaji wa kweli ni yule usiyeweza kumzima. Na jirani wa kweli ni yule anayeimba vibaya karibu na sikio lako, na Jumapili ijayo yuko hapohapo.

Wala usidhani nawapamba watu wa kanisa letu. Nawajua. Msimu wa kupuliza salfa nusu ya wanaume hawaonekani, kwa sababu alfajiri upepo umetulia na mikorosho haingoji mahubiri. Korosho zikishauzwa wanarudi wote na kukaa mbele, viatu vipya. Wazee wanasinzia. Kwaya inagombania sare. Ndio hao, hakuna wengine. Nilikaa nyumbani nikisubiri kanisa la watu wazuri lifunguliwe, na bado halijafunguliwa popote.

Sasa jambo ambalo nimekuficha mwaka mzima.

Unakumbuka msiba wa yule mwalimu mstaafu, wakati mabibo ya mikorosho yameanza kuanguka. Nilikwenda, maana msibani naenda, hata mimi sijafikia mahali pa kuwasusia wafu. Mwili ukaingizwa kanisani. Waislamu waliokuja kutusaidia kuzika wakakaa nje ubavuni mwa jengo, kwenye mikeka, kama wanavyokaa siku zote, na sisi tunavyokaa nje ya msikiti zamu yao ikifika. Mimi nikatafuta pa kukaa. Nikakaa mkekani, pembeni kabisa. Aliyekuwa karibu nami ni Bakari.

"Karibu, shemeji," akasema. "Lakini nikuulize kitu."

"Uliza."

"Sisi tumekaa nje kwa sababu humo si kwetu. Wewe umekaa nje ya kwenu kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Kwa ajili ya mkeo."

Alivua kofia akaiweka gotini, akaipapasa. "Mke wangu alikuwa anaingia."

Kweli, alikuwa anaingia. Nilikuwa nikimwona kila Jumapili enzi zile, benchi la mwisho karibu na mlango. Wenzake walipoinuka kwenda mezani yeye alibaki amekaa, akavuta magoti ili wapite. Kila wiki, anavuta magoti. Nilimwonea aibu mpaka nikamwambia, "Hilda, usijidhalilishe, kaa nyumbani." Akanijibu, "Sawa, dada," na Jumapili iliyofuata akawepo. Nilidhani ni unyonge wa mtu asiyesoma.

"Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka kwa baiskeli mpaka pale kwenye kona," Bakari akaendelea. "Siku moja nikamwuliza, Hilda, wewe unakwenda kufanya nini huko wasikokupa mkate? Akasema, nakwenda kuitikia. Nikamtania, mbona mimi nikikuita hapa nyumbani huitikii? Akacheka. Akapanda baiskeli."

"Ndivyo alivyosema tu?"

"Ndiyo hivyo. Ulitaka aseme makala nzima, shemeji?"

Jamaa mmoja mkekani akacheka chinichini, akajifanya anakohoa. Na hapo hapo kutoka ndani padre akasema, "Bwana awe nanyi," na kanisa zima likajibu. Ukuta ule ni mnene lakini madirisha yako wazi. Ile sauti ilitoka kama kitu chenye uzito. Wanaume, wazee wasio na meno, watoto wanaochelewa neno moja nyuma ya wenzao. Miaka yote hiyo nilikuwa nimejibiwa na sauti moja, yako, kwanza nyembamba halafu nene, na nilikuwa nimesahau inavyokuwa kujibiwa na watu. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe ukaitikia pamoja nao. Bakari akageuza uso upande mwingine, kwa adabu, kama mtu aliyemwona mwenzake akivaa nguo.

Sikuingia. Nilikaa pale mpaka mwisho.

Na hili nalo ulijue. Miaka kadhaa baada ya Hilda, mwanamke mwingine wa kijiji chetu alifariki katika hali kama yake, na wazee walikaa wakaamua vilevile. Wakati wa Hilda nilikuwa mjumbe katika baraza lile la wazee. Nilikuwa mmoja dhidi ya wengi, lakini walilazimika kunisikia, na walikesha wakibishana nami. Safari hii ya pili walimaliza kabla chai haijapoa, nimeambiwa. Hakukuwa na mtu wa kubisha. Kiti changu kilikuwa kitupu, na mimi nilikuwa mezani petu nakuhubiria wewe juu ya haki. Nikaandika makala nyingine. Ilisifiwa sana. Yule mama akapitishwa mbele ya mlango uliofungwa.

Kwa hiyo ukiniuliza nilikosa wapi, sitakuambia nilikosa kwa kukasirika. Kasirika, mwanangu. Watakukasirisha. Nilikosa kwa kuichukua hasira yangu na kwenda nayo nyumbani, ambako haikuweza kumsaidia mtu yeyote. Nilipigana vita kwa jina la Hilda kwa namna ambayo Hilda mwenyewe hakuitaka hata siku moja. Yeye alibaki kwenye benchi. Mimi niliyesoma nikaondoka kwa niaba yake.

Utaniuliza kwa nini basi, baada ya mkeka ule, sikurudi. Ni swali halali na nimejiuliza kila Jumapili mwaka mzima, nikiwa nimekaa mbele yako na kitabu mkononi. Nimeandika mno, Osmundi. Kila nikiinuka kwenda naona makala zangu zimejipanga njiani. Nawasikia kina mama foleni ya maji: "Kachoka, kalegea, si alisema hatarudi." Namwona Mama Agnesi akinisogezea benchi kwa upole, na huo upole ndio siuwezi. Na lile neno wanalonitaka niliseme, kwamba nilikosa na nimerudi, nusu yake ni kweli na nusu yake ni uongo, na hawakubali nusu. Nikisema, Hilda amefungiwa mlango mara ya pili, na safari hii na dada yake. Nisiposema, sisimami nyuma yako. Nimezunguka ndani ya jambo hili kama kuku aliyefungwa kamba mguuni, na kila mzunguko kamba inafupika.

Tangu jioni nimejaribu kuliandika neno hilo kwa namna ambayo ningeweza kulitamka. Mimi, ambaye hakuna kitu nisichoweza kukiandika. Kila mara limetoka makala.

Lakini hiyo ni kamba yangu. Mchana ulipoinua uso mezani ukasema utasali mwenyewe kama mimi na wewe, niliona umejifunga nayo mguuni, kwa hiari, kwa mapenzi. Hilo ndilo lililoninyanyua kitini. Wewe hujafungiwa mlango na mtu. Hukuwa hata na ugomvi. Ulikuwa mtoto unayechora ng'ombe, nikakuomba unijibu, ukanijibu, basi.

Ukifika Mpanda, tafuta kanisa. Usichague lenye mhubiri hodari. Wahubiri hodari nimewajua, mmoja wao amekulea. Nenda lililo karibu, la watu watakaokukuta gengeni na hospitalini kwenye zamu yako. Kaa katikati, ambapo usipokuja pataonekana pengo. Watakuuliza kabila lako na kama umeoa, watakuchosha. Utamkuta huko Mama Agnesi wao, wapo kila mahali, na Hilda wao pia yuko, benchi la mwisho. Mwangalie huyo. Siku wakimkosea, simama useme, kwa ukali wote ulioupata kwangu, kisha kaa chini hapohapo. Jumapili inayofuata uwepo. Ukishindwa, uwepo. Wakikuchukia, uwepo. Sijui kama hiyo itawabadilisha. Ninachojua ni kwamba ukiondoka hutawabadilisha, na wewe utabadilika.

Kesho asubuhi nenda na baba yako. Hilo siombi, naagiza, na ni agizo pekee katika barua hii. Vaa shati jeupe. Wakikuita, nenda mbele. Mkono wa baba yako utakuwa bega moja. Juu ya bega la pili siahidi kitu. Sijui kama nitafika. Pengine nitaishia mkekani, pengine nitabaki hapa uani. Pengine nitaingia na kuanzisha ugomvi mpya kabla ya sala kuanza, unanijua. Kwa hali yoyote, usigeuke kunitafuta. Ukigeuka, utakuwa unasali kwangu, na umeshasali kwangu vya kutosha.

Tazama mbele. Watanyoosha mikono yote, ya wanaokupenda na ya wasiokujua vizuri, ya wenye viatu vipya na ya waliosinzia. Mkono wa Mama Agnesi utakuwemo. Utaujua, unatetemeka siku hizi. Usiukwepe kwa ajili yangu. Mimi ndiye mwenye ugomvi naye. Wewe huna.

Mimi niliyekuzaa,
Mama